Kiwanja Changu, Minazi ya Bi Mwanasiti

Msambweni, Kwale,
Kenya.

Kwako kaka yangu Maulidi,

Assalaam aleikum, na shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, na kama kile kikohozi cha vumbi bado hakijakuachia, Mwenyezi Mungu akupunguzie. Mama naye anaendeleaje? Mguu umeshuka uvimbe, au bado anauburuta mpaka sokoni na kudai hauumi? Wifi yangu Tatu je, na watoto? Mimi huku ni mzima wa afya. Nakula, nalala, nafanya kazi, na ukaidi wangu haujapungua hata kidogo.

Utashangaa kwa nini nimeandika wakati simu ninayo na wewe unayo. Nimeandika kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikisema neno moja wewe umeshasema kumi, na nikianza la pili umekasirika umekata. Karatasi haikatiki. Basi kaa kitako, mwambie wifi akupe chai, unisome mpaka mwisho, halafu ukitaka kukasirika ukasirike ukiwa umesikia yote. Anayekuletea barua hii ni Bwana Shabani, dereva wa lori, mtu wa Kigoma mjini. Mpe maji ya kunywa na usimhoji sana, maana hajui kitu.

Neno lenyewe unalijua. Unataka niuze nyumba ya huku nirudi Ujiji. Jibu langu, kaka, ni kwamba siuzi. Nakuheshimu, lakini siuzi, na sasa nakueleza kwa nini.

Kwanza ulisema nimekurupuka. Sikukurupuka. Unajua nilivyofika huku: nilikuja na ndoa, ndoa ikaondoka, mimi nikabaki. Miaka yote hii nimekuwa mpishi kwenye jumba la wazee wawili wa Kizungu pale Diani, mume na mke, watu waliouza kila kitu kwao ili waje kuzeekea kwenye joto. Wakati wao wananunua lile jumba, mimi ndiye niliyekuwa nikiwapelekea chai wakiwa wamekaa na wakili wao, na masikio yangu sikuyaacha jikoni. Nilisikia kwamba mgeni nchi hii hapewi ardhi ya milele, anapewa kwa muda, miaka tisini na tisa. Nilisikia kwamba shamba mgeni haruhusiwi, atafute kiwanja cha mjini. Nilisikia kwamba kabla hujatoa chochote, wakili apekue ofisi ya ardhi aone kiwanja ni cha nani hasa. Nikajisemea, kumbe mambo yenyewe ni haya. Mzungu anaweza, nami mtu wa Ujiji nitashindwaje?

Diani sikuiweza, pale bei zinatajwa kwa fedha za kwao. Nikaja Msambweni, upande wa juu wa barabara, mbali na mahoteli, nikapata kiwanja chenye nyumba ndogo ya mawe, vyumba viwili na ua mpana. Muuzaji ni Bwana Bakari, Mdigo wa hapahapa, mstaafu wa bandarini, mtu wa msikitini na mpole. Wakili akapekua, mpimaji akaja akafukua mawe ya mpaka moja moja tukayaona. Bwana Bakari akanitembeza pembe zote nne, akanionyesha hata shimo la zamani la choo nisije nikajenga juu yake. Hakunificha kitu, kaka. Kuna jambo moja tu hakulitaja, na hakulitaja kwa sababu kwake yeye halikuwa la kutajwa, kama wewe usivyoweza kumwambia mgeni kwamba ziwa lina maji.

Nikahamia. Nilipanga kuoka mikate ya nazi na kuiuza, kwa hiyo asubuhi ya kwanza nilikuwa nakanda unga nikasikia kishindo nyuma ya nyumba. Nikatoka mbio na mikono yangu yote unga. Juu ya mnazi kuna mwanamume, panga kiunoni. Chini kuna bibi wa makamo ya mama yetu, kajifunga leso mbili, anaokota nazi anatia kwenye kapu, wala hana haraka.

Nikapiga ukelele wa mwizi. Nilipiga ule wa kwetu, unaujua. Majirani wakaja wote, wanaume kwa wanawake, wakamtazama yule bibi, wakanitazama mimi, kisha wakaanza kucheka. Bibi mwenyewe hakucheka.

"Mwizi yuko wapi, mwanangu?" akaniuliza.

"Wewe hapo, mama. Unachukua nazi zangu."

"Hizi zangu."

"Zako kivipi, na kiwanja ni changu?"

"Kiwanja ni chako, nani kakukatalia? Hongera sana. Minazi ni yangu."

Ndiyo hivyo, kaka. Huku mti na ardhi ni vitu viwili. Mtu anaweza kuwa na ardhi, na mwingine akawa na minazi iliyosimama juu yake, na kila mmoja ana haki yake kamili, tangu mababu. Ukiuza ardhi umeuza ardhi. Kila mtoto wa hapa anajua. Nilipomwendea Bwana Bakari nikiwa nimevimba kwa hasira, alinishangaa kweli. "Dada Zaina," akaniambia, "ungeuliza minazi ya nani ningekwambia ni ya dada yangu Mwanasiti. Wewe uliuliza kiwanja." Na ni kweli, mimi niliuliza kiwanja. Kwetu ukinunua ardhi umenunua na kilichosimama juu yake, itanijia vipi kuuliza miti ni ya nani?

Hapo ndipo nilipokupigia simu, nawe ukaniambia nimeingizwa mjini, na kwamba hata nyumba nitaambiwa milango ni ya mwingine. Nilicheka kwa hasira. Lakini hujasikia bado la mgema. Minazi miwili katika ile, Bi Mwanasiti alikuwa amemkodishia mgema wa tembo, na mgema hapandi mara moja akaenda zake. Anapanda asubuhi, anapanda tena jioni. Sasa bafu langu halina paa, lina kuta tu, na mnazi umesimama ubavuni. Siku ya kwanza naoga, nasikia mtu juu ananisalimia kwa adabu zote, "Habari za asubuhi, mama." Kaka, nilioga na buibui wiki nzima. Nilipomlalamikia Bi Mwanasiti kwamba mimi ni Mwislamu na uani kwangu kunagemwa pombe, alinijibu taratibu, "Na mimi sinywi, mwanangu. Nakodisha mti, silewi nao."

Nikaenda kwa wakili Ukunda. Akafungua makaratasi, akayageuza, akatabasamu. Akaniambia kwenye hati hakuna mahali palipotajwa minazi ya mtu. Twende mahakamani, akasema, tutashinda, na yule bibi atazuiwa asikanyage tena. Nilirudi nyumbani kifua mbele. Nilikuwa nimeshapanga mnazi upi unaanguka kwanza, ule ulioinamia paa la chumba nilichomwekea Mama akilini, maana nazi ikimwangukia mtu mzima pale ni msiba. Nikamhadithia jirani yangu Bi Halima. Kosa langu ni kuwa na mdomo, hilo unalijua tangu utotoni.

Basi kuanzia kesho yake mikate haikutoka. Salamu nilipewa kama kawaida, shikamoo nilijibiwa, hakuna aliyenigombeza wala kunisema. Ila watoto waliokuwa wakitumwa na sahani asubuhi hawakuja. Mikate ikalala, nikaila mwenyewe mpaka ikanikinai. Nikaona heri nimalize kwa njia nyingine. Nitamwendea Bi Mwanasiti, ninunue minazi yote, nimlipe vizuri, mambo yaishe.

Anakaa nyuma ya msikiti, nyumba ya udongo iliyofagiwa vizuri. Watu wote humwita Mayo, yaani mama kwa Kidigo, nami siku hiyo nikamwita hivyohivyo ili nimlainishe. Akanikaribisha, akanipa kigoda na dafu. Nikasema shida yangu. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akaniuliza kama nimewahi kuachika.

Nikashangaa. Nikamwambia ndiyo.

"Na mimi niliachika," akasema. "Nilirudi na watoto wangu na sanduku. Ardhi ile ilikuwa ya mjomba wetu, mjomba akampa Bakari. Minazi alipanda mama yangu, akanipa mimi. Bakari ndugu yangu, tumbo moja, hajanikosea. Lakini alikuwa na mke, na nyumba ilikuwa ya mkewe. Unaelewa?"

"Naelewa, Mayo."

"Basi mimi nilikuwa naingia uani kwao asubuhi, naangua zangu, nauza zangu, natoka. Hakuna aliyewahi kuniambia nimekula cha mtu. Sasa wewe ukinunua minazi utanipa pesa, na pesa zitakwisha Ramadhani hii hii. Zikishakwisha, nikipita hapo mlangoni nitapita kama nani?"

Nililishika lile dafu mkononi wala sikulinywa.

Naomba usome kipande hiki bila kukasirika. Mwezi ule nilioachwa nikaja Ujiji, kabla ya kurudi huku kazini, wewe na wifi mlinipokea vizuri mno. Wewe ulitoa chandarua chako ukanifungia sebuleni. Wifi hakunikosea hata kwa jicho, na ndiyo maana ilikuwa ngumu zaidi, maana sikuwa na wa kumlalamikia. Nikitaka kuchemsha maji, nauliza sufuria ipi. Wageni wakija, nakunja godoro langu. Watoto wakilia usingizi wanaambiwa nyamazeni, shangazi amelala. Nyumba ileile niliyozaliwa, kaka, nilikuwa naomba ruhusa ya kufungua dirisha. Baba alipofariki, fungu langu la nyumba nilikuachia wewe kwa mdomo wangu mwenyewe mbele ya wazee, kwa sababu nilikuwa na mume na nilidhani mume ni nyumba. Sikudai leo wala sitakudai kesho, haki ya Mungu. Nakwambia tu kwamba nilipotoka kwa Bi Mwanasiti nilitembea nikilia njia nzima, nikijiuliza kule kwetu nina nini. Sina hata mchikichi mmoja ambao naweza kuuendea nikasema huu wangu, nimekuja kuchuma, simwombi mtu.

Na mimi ndiye niliyekuwa nakwenda mahakamani kumwondolea mwenzangu cha kwake.

Nikarudi kwa wakili. Nikamwambia kesi hakuna, badala yake aandike kwamba minazi yote iliyosimama kwenye kiwanja changu ni ya Bi Mwanasiti na mabinti zake baada yake, ili hata nikifa mwenye kuja nyuma yangu asipige ukelele wa mwizi. Wakili aliniangalia kama mtu mwenye homa. Akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikamwambia aandike.

Lakini usidhani nimekuwa mtakatifu. Nilikwenda na masharti yangu, na tulivutana na yule bibi kuanzia alasiri mpaka adhana ya magharibi. Nilitaka mgema apige hodi kabla hajapanda, na Ijumaa asije kabisa. Hilo alikubali. Nilitaka nazi zinazoanguka zenyewe ziwe zangu. Akakataa, akasema nazi haijui imeangukia kwa nani. Nilitaka ule mnazi ulioinama ukatwe. Akakataa kabisa, ule ndio mama yake aliupanda siku yeye alipozaliwa. Basi chumba cha Mama nimekihamishia upande wa pili wa nyumba, na pale chini ya mnazi nimeweka kuku. Siku hizi mgema akifika anapiga hodi mpaka mtaa wote unajua mimi nakwenda kuoga. Na nazi za mikate yangu nazinunua kwa Bi Mwanasiti, palepale uani kwangu, zikiwa bado zina joto la jua. Cheka tu, kaka. Mimi mwenyewe nacheka.

Mikate inatoka. Kesho yake tu baada ya habari kuenea, watoto walikuja na sahani zao, na hakuna aliyetaja chochote. Juzi nilikuwa na homa kidogo, nikaamka nikakuta ua umefagiwa na uji umefunikwa mlangoni. Sikuuliza ni nani.

Sasa unisikilize kwa makini, maana hapa ndipo mwisho wa maneno yangu. Unaniambia nirudi nyumbani. Kuja kuwaona nitakuja, nitalala sebuleni kwa raha zangu, nitakula samaki wa ziwani, migebuka, mpaka nichoke, na nitakuwa mgeni kama wageni wengine wenye kwao. Kuishi, naishi hapa. Bwana Bakari amenieleza jambo ambalo sikulijua: hapa mpangaji anaruhusiwa kulima mchicha, mihogo, chochote cha msimu, lakini kupanda mnazi haruhusiwi, kwa sababu anayepanda mnazi ameshika mahali. Nilipomuuliza kama mimi naruhusiwa, alinitazama kama nimeuliza upumbavu. "Panda," akaniambia. "Kwani wewe ni mpangaji?" Kaka, neno hilo lilinifurahisha kuliko hati yenyewe. Nikamwomba Bi Mwanasiti anichagulie mbegu, akanichagulia, akasimama ananisimamia mpaka mashimo yakawa marefu ya kumridhisha. Nimepanda minne, ile pembe inayoelekea barabarani.

Nisalimie Mama. Mwambie chumba kipo, kina dirisha na upepo, na choo hakiko mbali kwa mguu wake. Asipotaka kuja kukaa, aje atembee, na asipoweza kutembea nitakuja kumchukua mwenyewe. Usimtishe tena kwamba nimedhulumiwa ugenini, hapati usingizi. Nisalimie wifi yangu Tatu, mwambie yale makopo ya viungo anayoyataka nimempa Bwana Shabani, asiyaache yapoe huko kwenye lori. Msalimie mama mdogo wa Mwanga, na mjomba fundi cherehani, na shangazi aliyenilea nilipokuwa na surua. Shemeji yule aliyesema sitafika mwaka huku msalimie mara mbili.

Na Rukia, binti yako mkubwa, ninayesikia amechumbiwa, mbusu kwa niaba yangu na umwombee ndoa ya heri na ya mpaka uzeeni. Mimi namwombea hivyohivyo kila swala. Katika ile minazi minne, mmoja ni wake. Sikuupanda kwa jina langu. Nimeupanda kwa lake, mbele ya Bi Mwanasiti na Bwana Bakari, na mtaa mzima unajua. Wewe hutakuwa na neno juu yake, wala mumewe, wala mimi. Mnazi wenyewe utachelewa kuzaa, miaka sita, saba, na Inshallah hatauhitaji kabisa. Lakini siku akiachwa, au akifiwa, au akichoka tu, apande basi aje. Mwambie asipige hodi. Aingie aangue.

Wasalaam.

Mimi mdogo wako,
Zaina binti Salumu,
mwenye nyumba, Msambweni.